Zichomeni Zote

Shuleni, Korogwe
6 Machi 2005

Kaka Meshaki,

Shikamoo. Habari za Handeni, za wifi, na za yule mbwa wenu anayeogopa kuku? Mimi nilikuwa na mafua wiki mbili, yakahamia kwa Hosiana, rafiki yangu wa Vugiri anayelala kitanda cha juu yangu. Sasa mimi ni mzima na yeye hanisemeshi. Baba ameandika kutoka Mazingara kwamba mvua imenyesha upande mmoja wa boma. Babu yetu hakutuma neno lolote kwangu, nami sikulitarajia.

Jambo lenyewe ni hili. Ulisema umepata kamera mpya ya kidijitali na unatafuta hadithi. Nimeiandika. Imo katika daftari hili, kurasa hamsini na mbili, pande zote mbili. Inamhusu mzee mfugaji anayekataza wajukuu wake kusoma. Siku moja anaumwa kifua. Ndani kuna chupa mbili, moja ya dawa ya kikohozi, nyingine ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na katika boma zima hakuna anayeweza kusoma kilichoandikwa kwenye chupa. Mzee anakunywa ile ya kuua kupe. Kupe wanapona, yeye anakufa. Mwalimu wa Kiswahili ameisoma akasema ina maudhui.

Tafadhali usiweke bunduki. Usiweke jini. Wala mtu asikimbizwe kwa gari, kwa sababu katika hadithi hii hakuna gari.

Jina langu si lazima uliweke. Lakini ukiliweka, Naisiae halina y.

Mdogo wako,
Naisiae


Handeni
11 Aprili 2005

Mdogo wangu msomi,

Marahaba. Hapa sote tupo. Wifi yako anakusalimu. Mbwa alipigwa tena na kuku wiki iliyopita, safari hii na kifaranga. Daftari nimelipata kwa mkono wa kondakta wa basi. Alikuwa ameliwekea chapati juu, lakini linasomeka.

Hadithi ni bomba! Nimeisoma yote mpaka ukurasa wa kumi.

Ngoja nikueleze dunia ilipofika, maana huko vitabuni hawajawaambia. Zamani filamu ilikuwa kazi ya serikali. Mikanda mikubwa kama magurudumu ya baiskeli, inapelekwa ng'ambo kusafishwa, inarudi mwaka unaofuata, mwigizaji keshaota mvi. Hata mimi nilipiga picha za harusi miaka minne na ile kamera ya kubeba begani, mpaka bega la kulia likashuka. Hii mpya inaingia mfuko wa koti! Ukikosea unafuta. Unaichomeka kwenye kompyuta, unakata, unaunga, unaweka mwangwi, unaweka moshi. Kompyuta nimepata ya mitumba. Herufi M haifanyi kazi, lakini filamu haina maandishi mengi. Soko huria, Naisiae! Siku hizi kila mtu ni mwongozaji.

Nimerekebisha vitu vidogo tu. Msambazaji wa Dar anasema watu hawatazami filamu isiyo na gari, kwa hiyo rafiki yangu Enock katuazima gari lake, Korola. Tumepiga dakika ishirini na tano, gari linatoka Chanika linakwenda Chanika. Kuna mwanamke mbaya kutoka mjini, yeye ndiye anayebadilisha zile chupa. Na kuna daktari kijana mwenye miwani ya jua, ambaye ni mimi. Itakuwa sehemu ya kwanza na ya pili, maana msambazaji hataki ya sehemu moja. Ya pili bado hatujui itahusu nini.

Mzee wa hadithi tumempata. Amezaliwa na kipaji, hafundishwi kitu. Jina lake utaliona mwenyewe.

Ni mimi kakako,
Meshaki


Shuleni, Korogwe
15 Mei 2005

Kaka Meshaki,

Shikamoo. Natumaini bega linaendelea kupanda. Hosiana amepona na amenisamehe. Hapa tunakula maharage tangu Pasaka.

Barua yako imenifikia ikiwa imesahihishwa. Mwalimu wa zamu hufungua barua zetu zote kutafuta wavulana. Katika yako hakupata mvulana, akapata makosa, akatoa kalamu nyekundu. Umepata arobaini na nane kwa mia. Pembeni ameandika: "Ana juhudi. Ajiepushe na kujisifu."

Kuhusu filamu, nina swali moja. Kama mwanamke mbaya ndiye anayebadilisha chupa, kutojua kusoma kumefanya nini? Hata profesa angekufa. Na huyo daktari mwenye miwani ya jua, anafanya nini ndani ya nyumba ya udongo isiyo na dirisha? Anaionaje hiyo maiti?

Umenijibu kila nisichouliza. Huyo mzee ni nani?

Likizo ya Juni sitakuja nyumbani. Nitakwenda Vugiri kwa akina Hosiana, wanavuna maharage.

Mdogo wako,
Naisiae


Shuleni, Korogwe
27 Agosti 2005

Kaka,

Shikamoo. Wote hapa wazima. Nilikuandikia Juni hukujibu. Nikakuandikia Julai, kimya. Sasa nimejua kwa nini.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya burudani. Viongozi wa wanafunzi walikwenda stendi ya Korogwe kwa machinga, wakarudi na sidii moja yenye filamu kumi na mbili. Kwenye kava kuna Mzungu kifua wazi ameshika bunduki. Huyo Mzungu hayumo katika filamu hata moja kati ya hizo kumi na mbili. Ya tisa ikaanza. Likatokea gari. Nikaangalia saa ya ukutani. Lilikwenda dakika ishirini na tano. Kisha yakatokea maandishi: ZEE WA BOA. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee amekuwa zee, boma limekuwa nyoka anayemeza mbuzi. Na hiyo ndiyo kompyuta isiyohitaji herufi M! Chini yake kukaandikwa: tunzi, wongozaji, hariri na wigizaji kuu, ESHAKI.

Ndipo nikamwona babu.

Babu yetu, Meshaki! Na rungu lake, na blanketi lake la rangi nyekundu na nyeusi lenye tundu la panya. Nilijificha nyuma ya Hosiana. Babu akanywa, akashika tumbo, akaanguka, vizuri zaidi kuliko wewe ulivyosimama. Halafu ukatokea na miwani yako ukasema: "Mzee Nkoitiko amefariki." Ukasema mara tatu, kwa mwangwi. Nkoitiko, koitiko, itiko, tiko. Ukatoa moshi.

Kaka, wewe umekulia boma lile lile nililokulia. Unajua kwamba kwetu mtu akishakufa jina lake halitajwi tena. Siamanta, msichana wa kidato cha pili anayetoka jirani na Mazingara, alinijia baada ya filamu, akainamisha kichwa, akanishika mkono. "Pole kwa yule mzee wenu," akasema. Yule mzee! Nikataka kumwambia ni maigizo, mdomo ukakataa. Unanijua nilivyo. Jioni wasichana wa bweni wakaleta rambirambi: sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Nimevipokea. Sikujua namna ya kuvikataa.

Mbona hukubadilisha jina? Ungeshindwaje hata hilo tu?

Naisiae


Handeni
18 Septemba 2005

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo. Mbwa katoroka.

Nilitaka kukuandikia. Basi tu.

Babu alikubali kuigiza kwa sharti moja. Nilitaka nimpe jina la Mdoe. Akaniambia, "Mimi nina jina langu. Ukimwita Mdoe, ataitika Mdoe." Nikamwita Mdoe mara nne, akanitazama kama jiwe. Nikamwita Nkoitiko, akaitika. Na sidii siku hizi haisubiri, Naisiae. Nilimpa msambazaji nakala moja Jumatatu, Alhamisi ilikuwa Kiteto. Zamani mkanda ungezunguka mwaka mzima kabla haujamuua mtu.

Hapa hali ni noma. Sironka, rika lake babu, alitembea siku mbili kuja kuhani, na ndama wa msiba. Akamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anakunywa maziwa. Akageuka na ndama wake bila kusalimia. Wa mbali wanaamini amekufa. Wa karibu wanamwona yu hai, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina lililokwisha kutangaziwa kifo. Mnadani wakifika kwa ng'ombe zake wanasema "wa yule". Watoto wanamwita "wa kwenye sidii". Mwezi mzima babu hajasikia jina lake. Juzi mama kamkuta anajiita mwenyewe kwa sauti ndogo, zizini.

Sasa sikiliza hili, usicheke. Babu alizunguka vibanda vyote vya video Handeni, akakusanya sidii zake zote kwenye kiroba. Akaambiwa zinatoka kwa Yordani, yule mwenye duka la kompyuta. Akaenda. Mimi sikuwepo, nilikuwa uvunguni mwa gari la Enock natengeneza kitu. Yordani ndiye aliyenisimulia.

Babu kamwaga kiroba mezani. "Zichomeni hizi."

"Zote, mzee?"

"Zichomeni zote. Hata moja isibaki."

"Haitabaki, mzee wangu, hii inatoka sana. Unazitaka lini?"

"Leo! Na mimi nakaa hapa hapa mpaka nione mwisho wake."

Akakaa. Yordani akawasha mashine, akaanza kuchoma, kama wanavyochoma wao. Sidii inaingia tupu, inatoka imejaa. Baada ya kitambo babu akauliza, "Mbona sioni moto?"

"Uko ndani, mzee."

Babu akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, akausikia ule upepo wa moto, akaridhika. "Kweli inaunguza," akasema. Kila sidii ikitoka anaitemea mate pembeni na kusema, "Nenda." Zilikwenda kweli. Nakala mia mbili. Alimwachia Yordani kibuyu cha maziwa kwa kazi nzuri. Sasa zimefika mpaka Mkumbara.

Na kabla hujaendelea kuniandikia kwa hasira, fungua ukurasa wa tatu wa daftari lako. Nani aliandika "Mzee Nkoitiko"? Mwandiko si wangu. Mimi nilitaka Mdoe. Ili haki itendeke, kava mpya nimeandika: Hadithi ya Naisiaye.

Meshaki


Shuleni, Korogwe
9 Oktoba 2005

Kaka Meshaki,

Shikamoo. Hapa wazima.

Filamu ilipopendwa, hadithi, uongozaji, uhariri na miwani vyote vilikuwa vyako. Balaa lilipoingia, ndipo ukakumbuka kwamba kuna mtu aliandika. Na umelikosea jina. Nilikuambia halina y.

Lakini ukurasa wa tatu ni wangu. Umesema kweli, na barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kukubali.

Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia babu. Alikuwa na wageni. Nikainamisha kichwa mbele yake kama inavyotakiwa, akaniwekea mkono kichwani. Badala ya kuuondoa akauacha hapo, akaendelea kuongea na wageni juu yangu, kama mtu aliyeegemea ua. "Huyu amemaliza kidato cha pili," akasema. "Kinamtosha. Macho yameanza kuharibika, na ng'ombe hachungwi kwa kitabu." Wageni wakacheka. Mimi nikiwa nimeinama natazama vidole vyake vya miguu. Januari baba akanileta shule kimya kimya. Nilikuja huku, nikanunua daftari, nikamuua kwa wino wa bluu.

Nilijua ungeweza kubadilisha jina. Nilijua pia wewe husomi zaidi ya ukurasa wa kumi. Ndiyo sababu nililiweka wa tatu. Na ndiyo sababu sikuja Juni.

Nilitaka afe hadithini tu. Sikutaka ajiite mwenyewe zizini.

Sasa sikiliza, wewe mwenye mashine zote. Kama hujaanza sehemu ya pili, usiweke gari. Usiweke mwangwi. Mkalishe babu nje mchana, alitaje jina lake mwenyewe, ataje ng'ombe zake, akutukane wewe kadiri apendavyo, basi. Dakika tano. Halafu mpelekee Yordani umwambie babu amesema: zichomeni zote.

Naisiae


Handeni
20 Novemba 2005

Mdogo wangu,

Marahaba. Mbwa karudi, na jeraha. Yordani anakusalimu.

Nilikwenda Mazingara na kamera. Nikamweleza babu kila kitu, pamoja na ukurasa wa tatu. Samahani, lakini alinishika sikio. Kisha akauliza, "Yule mwoga? Yule asiyeweza kusema hata 'maji yamemwagika'?" Nikasema ndiye. Akaonekana kama mtu aliyesikia mbuzi kaua chui.

Amekubali kupigwa picha, lakini hatajitaja. Anasema mwanamume hajiiti, huitwa akaitika. Nikawaomba wazee wamwite, wakakumbuka kila mmoja ana safari. Nikajaribu mimi, nikakumbuka vile nilivyomtangaza kwa moshi, nikaishia kukohoa. Babu akaniambia nizime mashine. "Aliyeniua aje aniite," kasema.

Nikamwambia mjukuu hamwiti babu yake jina, ni aibu mbele ya watu. Akasema, "Aliyeweza kuniandika na kuniua, kuniita kutamshindaje?"

Kwa hiyo ni wewe, shule ikifungwa. Kamera ataishika Yordani. Mimi Krismasi nina kazi Dar, tena babu ameniambia akiniona na miwani ile atanifanyia sehemu ya tatu.

Meshaki


Shuleni, Korogwe
22 Januari 2006

Kaka Meshaki,

Shikamoo. Natumaini Dar uliifurahia, na kwamba huko kulikuwa na uvungu wa kutosha. Wifi alikupelekea nyama ya sikukuu huko huko kwa Enock, akakuta umeshahama. Mimi mzima. Niko kidato cha nne, na utaona kwa nini.

Babu alikaa kwenye kigoda mbele ya zizi. Walikuja watu wengi kuliko wa harusi. Hata Sironka alikuja, safari hii bila ndama, akakaa mbali apate njia ya kukimbilia. Yordani akanyanyua kamera. Nikasimama hatua kumi kutoka kwa babu, nikaita. Yordani alinionyesha baadaye: mara ya kwanza wanasikika mbuzi tu.

"Kuna mtu hapo?" babu akauliza. "Au ni nzi?"

Nikaita tena. "Nkoitiko." Wanawake wakaziba midomo.

"Huko shule mnalishwa nini?" akasema. "Uliniua kwa nguvu. Niite kwa nguvu!"

Kaka, sijawahi kupiga kelele maishani mwangu, hata siku ile niliyoumwa na nge. Nilifumba macho. "NKOITIKO!"

"Oe!" akaitika. Aliitika kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebanwa pumzi tangu Agosti. Sironka akainuka, akaja, akamwita mwenyewe, kisha akaanza kumtukana kwa ajili ya ile safari ya siku mbili. Wote wakaanza kumwita. Alikuwa anaitika huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki.

Nikainamisha kichwa. Akaniwekea mkono, akauacha hapo tena. Alikuwa ameshika ile kava yako, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. "Na hilo ndilo jina lako?" Nikasema limekosewa kidogo. "Kumbe na wewe wamekuua kidogo," akasema. Halafu akawageukia baba na wageni, mkono ukiwa kichwani kwangu bado.

"Huyu mrudisheni shule," akasema. "Mapema. Akikaa hapa na kalamu atatumaliza wote."

Wageni wakacheka. Safari hii na mimi nilicheka, nikitazama vidole vile vile vya miguu.

Yordani alichagua jina la sehemu ya pili peke yake. NKOITIKO. Anasema halina M, kwa hiyo kompyuta yako imeliandika lote. Akazichoma usiulize ngapi.

Jana tulipewa ruhusa kwenda stendi kununua sabuni, maana ile ya rambirambi imekwisha. Machinga wa sidii amesimama pale pale. Ameiweka sehemu ya pili mbele ya ya kwanza katika sidii moja, kwa hiyo babu anaitika kwanza, kisha anakufa. Nilikuwa nataka kumweleza. Lakini alikuwa akitembea kati ya mabasi ya Tanga na ya Moshi, sidii mikononi kama karata, anaita kwa nguvu zake zote, bila kujua anamwita nani: "Nkoitiko! Nkoitiko! Nkoitiko mpya hiyo! Nkoitiko!"

Nikasimama katikati ya stendi nisikilize. Siamanta alikuwa pembeni yangu, naye akasikiliza. Machinga akanifuata.

"Dada, Nkoitiko hutaki?"

"Ninaye nyumbani," nikamwambia.

"Ninayo," akanisahihisha.

"Ninaye," nikasema, kwa sauti, abiria wakageuka. "Tena mzima."

Mdogo wako,
Naisiae (bila y)